Wengi Wape Nini?

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: mitandao ya kijamii imewafanya walimu na wanafunzi wetu wawe werevu zaidi wakiwa pamoja kuliko kila mmoja akiwa peke yake. Anayeiunga mkono ni mwalimu kijana wa biolojia katika sekondari ya kata. Anayeipinga ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati. Katikati ataingia mzazi mmoja. Wahusika nimewatunga, ila hoja zao ndizo zinazobishaniwa katika vyumba vya walimu kila siku. Nami ninayeziandika nina upande wangu, na nitausema.

KIJANA: Shikamoo, mwalimu.

MSTAAFU: Marahaba, mwanangu. Haya sema, nakusikiliza.

KIJANA: Naanza na kiazi. Mwalimu mwenzetu aliye mbali na mji aliuliza usiku katika kundi letu la WhatsApp: kesho anafundisha osmosisi, maabara haina ule utando maalumu, afanyeje? Hazikupita dakika nyingi akajibiwa. Chukua kiazi mviringo, kimenye, kikate chini kisimame vizuri, chimba shimo juu, tia kijiko cha sukari, kisimamishe kwenye sahani ya maji. Baada ya vipindi viwili wanafunzi wataona shimo limejaa maji. Mwingine akaongeza: weka pembeni kiazi cha pili kilichochemshwa, uwaulize kwa nini hicho hakikujaa. Asubuhi somo likafundishwa. Zamani mwalimu huyo angesubiri semina ya wilaya, na pengine angestaafu anaisubiri.

MSTAAFU: Kiazi ni kizuri, na kile cha kuchemshwa ni kizuri zaidi, maana kinamlazimisha mtoto kufikiri. Lakini hebu tazama kilichotokea. Mmoja hakujua, wawili walijua, wakamwambia. Hilo tumelifanya tangu enzi za barua. Kundi lenyewe halikufikiri chochote, lilipitisha tu. Na kundi hilohilo, kwa kasi ileile, linapitisha ratiba ya mtihani iliyoghushiwa na waraka usio na sahihi. Kila Oktoba na Novemba nasikia hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya watoto wanauziwa mitihani ya uongo kwenye Telegram, na kila mmoja anaamini kwa kuwa ameona wenzake wanaamini.

KIJANA: Uongo ulikuwepo kabla ya simu.

MSTAAFU: Ulikuwepo, ila ulikwenda kwa miguu. WhatsApp wenyewe waliona. Januari 2019 walizuia ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja, dunia nzima. Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kusambazwa sana, mazungumzo 1 tu kwa mara moja. Kampuni inayoishi kwa watu kuandikiana haibani uandikaji wao bila kuona hatari.

KIJANA: Mwaka huohuo wa 2020, mwezi Machi, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, ni kitu gani kiliendelea kuwafikia wanafunzi wangu kama si hayo makundi?

MSTAAFU: Yaliwafikia wenye simu na wenye bando.

KIJANA: Sawa. Basi niache mifano ya kwetu kwanza, nikupe hesabu, kwa kuwa najua hesabu huikatai. Mwaka 1906 kulikuwa na maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza. Palikuwa na maksai, na watu walishindana kukisia nyama yake itakuwa na uzito gani baada ya kuchinjwa na kuandaliwa. Walikuwepo wachinjaji na wafugaji, na walikuwepo wapita njia wasiojua lolote kuhusu ng'ombe. Mwingereza Francis Galton alizipata kadi zao, 787 zilizosomeka. Akazipanga kutoka kisio dogo hadi kubwa, akachukua lililoangukia katikati: ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa 1,198. Tofauti ya ratili 9, kama kilo 4, katika mnyama wa zaidi ya kilo 500! Na huyu Galton alikuwa mtu aliyeamini kwamba akili ni urithi wa koo chache teule. Alikuwa na shaka na umati, akachapisha matokeo mwaka uliofuata katika jarida la Nature akikiri kwamba umati umemshangaza. Wengi wape, mwalimu.

MSTAAFU: Wengi wape nini? Tuifanye hesabu hiyo hadi mwisho. Kila mtu alikisia vipi?

KIJANA: Aliandika kwenye kadi.

MSTAAFU: Aliandika kwenye kadi yake, hakuona ya mwenzake. Alilipa?

KIJANA: Peni 6.

MSTAAFU: Alilipa peni 6 na palikuwa na zawadi, kwa hiyo hakuandika mzaha. Aliyezidisha kwa ratili 100 na aliyepunguza kwa ratili 100 walifutana, kwa sababu makosa yao hayakuambiana. Ndiyo siri yote ya maksai yule. Sasa hebu chukua watu walewale 787, uwatie katika kundi moja la WhatsApp. Wa kwanza aandike: "Jamani, mimi babu yangu alikuwa mchinjaji, huyu hapungui 1,500." Wa pili ataandika 1,480. Wa tatu 1,520. Wa kumi ataweka kidole gumba. Katikati ya kundi itahamia 1,500, na watakuwa na uhakika kuliko walivyoanza.

KIJANA: Hayo unayakisia.

MSTAAFU: Yamepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich waliwauliza wanafunzi 144 wa chuo kikuu maswali ya jiografia na takwimu za uhalifu za Uswisi, wakarudia kila swali mara kadhaa. Baadhi waliruhusiwa kuona makisio ya wenzao kati ya raundi na raundi, wengine hawakuona. Walioona walisogeleana. Makisio yakabanana, lakini hayakuukaribia ukweli, na imani yao kwamba wamepatia ikapanda. Hapo ndipo ninapoogopa. Mtu aliyekosea peke yake husitasita. Aliyekosea na wenzake 200 anakwenda kifua mbele.

Hapa naingilia. Katika mabishano yote kuhusu mitandao na elimu, hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Watu husimulia habari ya maksai wa Plymouth wakishaondoa zile kadi. Wanabaki na umati, kisha wanaushangilia. Wingi ulisaidia kwa sababu kila mtu alileta jicho lake mwenyewe, na bila hilo kadi 787 zingekuwa kadi moja iliyonakiliwa mara 787. Kijana naye hakunyamaza, na hakupaswa kunyamaza.

KIJANA: Basi nikupe umati ulioleta macho yao. Desemba 2007 Kenya ilipiga kura, ghasia zikaanza, matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu, akapokea habari nyingi kutoka kwa wasomaji kuliko alivyoweza kuandika. Mwanzoni mwa Januari 2008 akauliza hadharani: hakuna fundi anayeweza kuziweka habari hizi kwenye ramani? Ndani ya siku chache Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao walikuwa wameijenga Ushahidi. Mtu alituma ujumbe wa simu kusema pale alipo kumetokea nini, na nukta ikaonekana kwenye ramani. Programu hiyo ikatumika tena Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, Wahaiti walio ughaibuni wakitafsiri ujumbe wa Kikrioli usiku na mchana. Na hapa kwetu Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapite mitaani na wakazi, wachore mitaro, nyumba na vichochoro kwenye OpenStreetMap. Mama muuza vitumbua anayejua maji ya mvua hufika wapi mlangoni kwake akawa na la kumfundisha mhandisi.

MSTAAFU: Hayo nayakubali bila kinyongo. Lakini yasome vizuri, mwanangu. Kila mmoja alisema alichokiona yeye, mahali alipo yeye. Hakusema alichosikia mjumbe kasema kwamba kaka yake kasema. Kisha palikuwa na watu wa kuhakiki: ripoti ya Ushahidi ililinganishwa na nyingine, na mchoro wa mwanafunzi ulikaguliwa kabla haujategemewa. Katika kundi lenu anayehakiki ni nani?

KIJANA: Admini.

MSTAAFU: Admini anafuta matangazo ya mikopo. Hajawahi kufuta jibu la kemia lililokosewa.

KIJANA: Hilo ni kweli. Lakini na wewe usiwasahau waliotuziba midomo. Tulikuwa na blogu, mwalimu. Ndesanjo Macha na wenziwe walianza kuandika blogu kwa Kiswahili miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mtu anaandika hoja yake kwa jina lake, wengine wanamjibu chini au wanamjibu kwenye blogu zao. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika maelezo ya fizikia bure angezitoa wapi? Juni mwaka huo hata JamiiForums ikalazimika kusimamisha huduma kwa muda. Kanuni zilibadilishwa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshajifunza kunyamaza. Tuliokuwa tukiandika hadharani tukaingia kwenye makundi ya faragha, tukajifungia.

MSTAAFU: Hapo sikupingi hata neno. Na umegusa jambo kubwa kuliko leseni. Kile kiazi chako kiko wapi sasa?

KIJANA: Kiko kwenye kundi.

MSTAAFU: Kitafute.

KIJANA: Kimepita. Nilibadilisha simu.

MSTAAFU: Ndivyo. Mwakani mwalimu mpya atauliza swali lilelile usiku uleule kabla ya kipindi, na akibahatika atajibiwa, na jibu litazama tena chini ya salamu za Ijumaa na rambirambi. Hekima ya aina gani hiyo isiyo na kumbukumbu? Katika blogu, maandishi yalikaa, yalikuwa na mwenyewe, mtu wa Kigoma angeyakuta baada ya miaka mitatu. Katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, kila ukurasa una historia yake: nani aliongeza sentensi hii, lini, nani aliifuta, na ukurasa wa majadiliano wanakobishania sababu. Kosa likiingia linaonekana lilikoingilia. Huko nakubali kuna watu wanaofikiri pamoja, hata wakiwa wachache. Mnaita kundi la WhatsApp mtandao wa kujifunza, nami naona mto unaopita.

MZAZI: Samahanini kuingilia, walimu wangu. Mimi sina elimu ya kubishana na Zurich. Binti yangu yuko kidato cha pili. Kazi ya hesabu za nyumbani inatumwa kwenye kundi la darasa, na kabla ya saa mbili usiku majibu yameshatumwa kwenye kundi lilelile. Mwalimu wao aliniita akanionyesha madaftari. Walitakiwa kufungua mabano, jumla ya *a* na *b* yote kwa kipeo cha pili. Karibu darasa zima waliandika kipeo cha pili cha *a* kujumlisha kipeo cha pili cha *b*, basi.

MSTAAFU: Wameacha *2ab*.

MZAZI: Wote. Kwa mwandiko tofauti, kosa moja. Nikamuuliza binti, wewe ulipata ngapi kabla ya kuangalia simu? Akaniambia, baba, sikufanya kabla. Mimi nataka kujua tu: huo ndio ushirikiano mnaousifu?

KIJANA: Hapana, mzee. Huo siutetei.

MSTAAFU: Na mimi siulaani ushirikiano, msije mkanielewa vibaya. Nitakupa ushahidi unaousaidia upande wako, mwanangu, kwa sababu naona wewe hukuuleta. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri bila kuelewa kinachoendelea. Kuanzia 1991 akabadilisha ufundishaji. Anauliza swali moja la dhana lenye majibu ya kuchagua. Dakika moja au mbili kimya, kila mwanafunzi anachagua jibu lake na kulionyesha. Ndipo anawaambia: mgeukie jirani aliyechagua tofauti, mshawishi. Baada ya dakika chache wanachagua tena. Waliopata mwanzoni wakiwa wachache mno, chini ya asilimia 30 hivi, hafungui mjadala, anarudi kufundisha, kwa sababu hapo wangegawiana ujinga. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kwa ufupi na kusonga mbele. Mjadala ni wa katikati hapo, ambapo darasa limegawanyika kweli.

KIJANA: Lakini pengine dhaifu anamfuata tu mwenye alama za juu.

MSTAAFU: Hilo nalo lilipimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya darasa la jenetiki. Wanafunzi walijibu swali peke yao, wakajadiliana, wakalijibu tena, kisha wakapewa swali la pili lenye dhana ileile kwa sura nyingine, wakalijibu peke yao tena. Wengi waliokuwa wamekosea mwanzo walilipata la pili. Na maendeleo yalionekana hata katika makundi ambayo kwa hesabu zao inaelekea hakuna aliyekuwa na jibu sahihi kabla ya kuzungumza. Unaelewa maana yake? Hapo hakuna aliyejua akamwambia asiyejua. Ujuzi umezaliwa katika mazungumzo. Hiyo ndiyo akili ya pamoja ambayo kiazi chako hakikuwa nayo.

KIJANA: Basi unakubali hoja yangu!

MSTAAFU: Nakubali mazungumzo. Umetaja mitandao. Katika darasa la Mazur kimya kinatangulia.

KIJANA: Mimi nina wanafunzi 90 na zaidi chumba kimoja. Wao wana vifaa vya kupigia kura.

MSTAAFU: Vidole unavyo. Majibu manne, vidole vinne. Waambie wafumbe macho au waweke mkono kifuani, wa nyuma asione wa mbele. Hesabu kwa haraka tu. Hakuna bando hapo.

Kijana alicheka, kisha akaleta jambo ambalo naona ndilo lililogeuza mjadala huu kwangu.

KIJANA: Nami nikuongezee, mwalimu, ingawa linaniumiza. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu 699 waliogawanywa katika vikundi vya watu 2 hadi 5 na kupewa kazi mbalimbali. Kikundi kilichofaulu kazi moja kilielekea kufaulu na nyingine, kana kwamba kina akili yake. Lakini akili hiyo haikutegemea sana kuwa na kichwa kimoja kikali ndani yake. Ilitegemea watu kusomana nyuso, na kupeana zamu za kusema. Pale mmoja alipohodhi mazungumzo, kikundi kilidhoofika. Nikalitazama kundi letu la shule. Wanaosema ni watatu. Mkuu wa shule akiandika neno, sisi wengine tunajibu "Nimepokea, mkuu", "Ahsante, mkuu", mistari arobaini. Hata akikosea tarehe.

MSTAAFU: Na wewe huandika hivyo?

KIJANA: Huandika.

MSTAAFU: Nami enzi zangu nilimpigia makofi ofisa elimu aliyekosea hesabu ya sehemu ubaoni. Ugonjwa huu hatukuletewa na simu. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na adabu hiyo ina thamani yake nyumbani. Ikiingia katika kutafuta ukweli inaua. Ndiyo maana kadi ya Plymouth ilifanya kazi: haikujua nani ni nani.

MZAZI: Kwa hiyo binti yangu nimnyang'anye simu?

MSTAAFU: Usimnyang'anye. Mwambie akuonyeshe jibu lake kwenye daftari kwanza, kwa kalamu, hata kama ni bovu. Kisha aingie kwenye kundi, na akikuta jibu tofauti aulize kwa nini. Asifute la kwanza, alikate kwa mstari mmoja ili mwalimu alione.

KIJANA: Na walimu wake watume swali tu. Majibu yatumwe kesho yake.

Sasa hukumu yangu, kwa kuwa niliahidi. Hoja kama ilivyowekwa mezani imeanguka. Mitandao haijatufanya werevu zaidi pamoja. Imetufanya tusikiane haraka, na hilo limewasaidia walimu wengi waliokuwa wapweke. Sitaki mtu alidharau. Lakini kusikiana haraka ndiko pia kunakomnyima mwanafunzi ile dakika ya kimya anayoihitaji ili awe na kitu cha kuchangia. Mstaafu ameshinda kwa hoja. Kijana ameshinda kwa jambo jingine: alileta ushahidi uliomuumiza mwenyewe, na shule zetu zinahitaji watu wa namna hiyo kuliko zinavyohitaji washindi.

Walimu mnaokutana katika jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, nawaomba mambo matatu katika kikao kijacho. Kabla ya yeyote kufungua mdomo, gaweni vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jibu lake bila jina. Mkuu wa shule aseme wa mwisho. Na mkipata jambo lenye kufaa, liandikeni mahali pa wazi ambapo mwalimu atakayepangiwa shule yenu mwakani atalikuta, majina yenu yakiwa chini yake, na nafasi ya yeye kuwasahihisha.